Kikombe cha Safari ya Kwanza

"Usipige kama mutu anaua nyoka," Guylain alisema. "Piga kama unaamsha mutoto."

Dédé akapunguza nguvu. Patasi yake butu ilikuwa imekaa katikati ya mbao mbili za ubavuni mwa boti, na mbele yake kamba ya pamba iliyolowekwa mafuta ilikuwa ikiingia kwenye mwanya kidogo kidogo, mahali pengine imenyooka, mahali pengine imejikunja kama mkia wa nguruwe. Akarudi nyuma, akautazama mshono wake wote kwa jicho moja, akaangua kicheko.

"Papa, imelewa."

"Basi itoe."

"Yote?"

"Anzia pale ilipoanza kunywa."

Mvulana akachukua ndoano, akaichomoa pamba yake, akaitandaza juu ya paja na kuinyoosha kwa kiganja, huku akiimba wimbo wa kanisani ambao maneno yake alikuwa akiyakosea tangu siku alipoujua. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alikuwa amekwisha kurudia darasa, kumpoteza mbuzi wa jirani na kuzamisha ndoo mbili za mama yake ziwani, na kila mara alishangaa kidogo, kama mtu aliyeona kitu kigeni njiani, kisha akaendelea na safari yake.

Karibu na moto, dada yake Arlène alikuwa akikoroga lami kwenye debe. Lami ilikuwa imeyeyuka zamani. Hapakuwa na haja ya kuikoroga tena, na Guylain alijua, na Arlène alijua kwamba baba yake anajua. Lakini hakuna mtu aliyewahi kuharibu lami kwa kuikoroga, na kwa sababu hiyo binti alikuwa ameichagua kazi hiyo tangu siku ile ya ziwani, wala hakutaka nyingine.

Guylain alikuwa fundi wa boti kutoka Pweto, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Alivuka na mkewe Emilienne vita ilipowafikia, wakakaa kwanza katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala wakilima mihogo, hadi alipopata mbao na mahali pa kuziweka ufukweni Nchelenge, akairudia kazi aliyoijua. Boti zake zilisifiwa kwa ukavu. Kwa jambo lolote alikuwa mtu wa maneno machache, isipokuwa kwa Arlène. Habari za Arlène alizisema hata kwa wapita njia. Kila mwaka msichana huyo alikuwa wa kwanza darasani, kwa lugha ambazo nyumbani hakuna aliyemfundisha. Guylain alimwita Kichwa. "Muulizeni Kichwa," alisema, hata kwa mambo ambayo yeye mwenyewe aliyajua. Dédé naye baba alimwita Mikono ya Kushoto, na mvulana alilipenda jina lake.

Basi Arlène alipotimiza miaka kumi na minne, akaomba aachiwe upande mzima wa kushoto wa boti mpya ya mama Brigitte mfanyabiashara, baba alimwachia. Hakupita nyuma yake kuukagua mshono. "Weye hauna lazima ya kuangaliwa," alimwambia mbele ya watu, na aliyasema maneno hayo kama mtu anayetoa zawadi.

Mzee aliyemfundisha Guylain kazi alikuwa na desturi moja, na Guylain aliirithi pamoja na patasi zake. Aliyeziba mshono hupanda safari ya kwanza. Hukaa chini kabisa, bega kwa ubao, karibu na mshono wake, na kikombe cha bati mkononi. Maji yakiingia, yeye ndiye wa kuyachota, na yeye ndiye wa kwanza kulowa. Watoto wa Guylain walikuwa wamemwona baba yao akipanda safari nyingi za kwanza, na kila mara kikombe chake kilirudi kikavu.

Boti ya mama Brigitte ilijaribiwa nchi kavu kwa kumwagiwa maji ndani. Upande wa Arlène haukutoa hata tone. Ikalala majini usiku mmoja, na asubuhi sakafu yake ilikuwa kavu kama meza. Guylain aliwaita wavuvi waje waone. "Mutoto wangu hajawahi kukosa!" alipaza sauti. "Hata siku moja!" Kisha boti ikashika njia ya kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani, ikiwa na magunia ya chumvi, maboksi ya sabuni, mama Brigitte na mtoto wake mdogo, abiria wawili watatu, na Arlène akiwa ameketi chini kushoto na kikombe chake.

Vibanda vya ufukweni vilikuwa bado vinaonekana pale ubao mmoja wa kushoto ulipofunguka. Guylain aliiona boti ikiinama upande mmoja, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Wavuvi walikuwa karibu. Hakuna aliyekufa, ingawa mtoto wa mama Brigitte alikunywa maji hadi macho yakageuka meupe. Lakini kitu ambacho Guylain hakuweza kukitoa machoni pake ni hiki: alipofika pale kwa mtumbwi, watu wote walikuwa wamekwisha kuvutwa, boti imejaa hadi ukingoni, ziwa la ndani na ziwa la nje yamekuwa moja, na Arlène bado ameketi mahali pake, maji yakimfika kifuani, anachota kwa kikombe na kumwaga nje, anachota na kumwaga. Aliitwa, hakusikia. Ilibidi ashikwe mikono yote miwili.

Hakulia. Kikombe kilitundikwa kwenye msumari bandani, na hakuna aliyekigusa tena. Shuleni aliacha kunyoosha mkono. Mwalimu Esnart alikuja hadi sokoni Kashikishi, kwenye meza ya samaki ya Emilienne, kumweleza kwamba binti yake alirudisha karatasi ya hesabu bila kuandika kitu, na alipoulizwa sababu alijibu kwamba karatasi nyeupe haina kosa. Na kila mara Guylain alipoanza kusema, "Sikia, haikuwa kosa lako," Arlène aliona ndoo iliyohitaji kwenda kujazwa maji.

Sasa boti ilikuwa imevutwa nchi kavu, imepachikwa ubao mpya mahali pa ule uliofunguka, na mshono wa ubao huo alipewa Dédé, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Ilibaki sehemu ya nyuma ya upande wa kushoto. Huko pamba ya Arlène ilikuwa bado imo. Guylain hakuwa ameigusa.

"Mwashibukeni mukwai, ba Guylain!" Aliyeamkia hivyo kwa Kibemba alikuwa Ackson, mvuvi ambaye Kiswahili chake kilitoka kwa wafanyabiashara wa Kongo, na mzaha wake hakuna aliyejua ulikotoka. Alisimama na nyavu zake begani. "Leo nani anaziba? Nataka kujua kama nitapanda na viatu."

"Dédé," Guylain alijibu.

"Ah! Basi navua kabisa."

"Vua na suruali, ba Ackson!" Dédé alisema, na yeye ndiye aliyecheka zaidi ya wote.

Arlène aliinamisha kichwa juu ya debe, moshi ukampiga usoni, hakuondoka.

Mama Brigitte alifika jua lilipokuwa limepanda, kitenge kimefungwa juu ya kifua, simu mbili mkononi. Aliizunguka boti yake akiigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti sokoni.

"Papa Guylain, kila siku naikuta imelala tu kama mugonjwa."

"Inapona, mama."

"Na huku?" Alikuwa amefika upande wa kushoto, nyuma.

"Huku bado."

"Nani atafanya?"

Guylain alitazama upande wa moto. "Mwenyewe."

"Mwenyewe nani? Yule?" Mama Brigitte alishusha sauti, lakini ilikuwa sauti ya soko, haikushuka sana. "Mi sina chuki na mutoto. Na mi niko na batoto. Lakini kale kangu, mpaka leo kakiona maji ya kuoga kanalia. Fanya weye mwenyewe, papa. Kabla ya siku ya Mungu, ya kwenda kanisa, iwe tayari. Kama hapana, naipeleka Chienge, kule kuko mafundi."

"Nimesikia."

"Na ile desturi yenu ya kikombe. Mi nitaangalia nani amekaa pale chini. Kama hakuna mutu, sipandi."

Alipokwisha kwenda zake, Guylain alibaki ameshika nyundo ya mti. Sehemu ile ilikuwa kazi ya siku moja na nusu kwa mkono wake. Angeweza kuianza wakati ule ule, na mama Brigitte angerudi na kuridhika. Lakini aliona pia, kama mtu anavyoona chini ya maji maangavu, kwamba akiuziba mshono ule yeye, Arlène atakoroga lami maisha yake yote. Akaiweka nyundo chini. Akaenda kumsaidia Dédé kubeba maji.

Walimwaga ndoo baada ya ndoo ndani ya boti, kisha wakachuchumaa nje kuutazama mshono wa ubao mpya. Haukuchukua muda. Tone likajitokeza, likavimba, likateremka. Likaja la pili, na zaidi.

"Eh!" Dédé alipiga makofi. "Inakojoa!"

Akaokota kaa la moto lililozimika, akachora duara kuzunguka kila mahali palipolowa, kama mtu anayehesabu kuku wake. Kisha maji yakatolewa, naye akaanza tena: ndoano, pamba, patasi, nyundo. Arlène alikuwa amekuja karibu bila mtu kumwona akija.

"Hausikii haya?" alimuuliza mdogo wake.

"Haya ya nini? Maji imenionyesha tu fasi, pale pa kurudia."

Alirudia mara mbili. Jioni ilipokaribia walimwaga maji tena, wakachuchumaa, wakangoja. Ubao ulitoka jasho jepesi, basi. Guylain alipitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, akanyamaza kidogo, halafu furaha ikampanda kichwani kabla hajaweza kuizuia.

"Njooni muone!" aliwaita watu wa vibandani. "Ba Ackson, njoo! Mikono ya Kushoto imekufa leo! Huyu ni fundi! Fundi mukubwa wa Nchelenge yote!"

Watu wakaja. Ackson alivaa viatu vyake kwa madaha, mguu mmoja baada ya mwingine, akapanda ndani ya boti, akapiga saluti. Mwanamke wa dagaa akamtunza Dédé kipande cha muwa. Guylain alikuwa amemshika mwanawe mabega yote mawili, akimgeuza huku na huku ili kila mtu amwone. Hakuona kwamba Dédé hacheki. Arlène aliona.

Usiku ulikuwa haujaingia sawasawa walipokaa kula bukari, ule ugali wa mihogo, kwa chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa juani. Dédé alimega tonge, akaligeuzageuza, akalirudisha.

"Papa Arlène, huyu mutoto anaumwa?" Emilienne alimuuliza mumewe.

"Amekuwa fundi. Fundi hacheki ovyo, halafu hali ovyo."

Emilienne alimtazama mwanawe, akamtazama binti yake, mwishowe akamtazama mumewe. "Niliambiwa sokoni uliita batu leo."

"Niliita. Kazi ilikuwa nzuri."

"Aa." Aliendelea kula. Baada ya muda akasema, bila ukali wowote, "Na siku ile uliita pia."

Guylain akanawa mikono kabla hajashiba.

Asubuhi Dédé hakuamka. Guylain alimkuta amelala ameelekea ukuta, shuka hadi puani.

"Tumbo," mtoto alisema.

"Linafanya nini?"

"Linauma tu."

"Fasi gani?"

Dédé alinyoosha kidole, akaonyesha kifua.

Guylain alilijua tumbo hilo. Lilikuwa limekwisha kulala katika nyumba ile, kwenye kitanda cha Arlène, asubuhi ya kwanza ya shule baada ya boti kufunguka. Alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Ubao wowote angeukunja, akiupasha moto na kuulowesha, hadi ukubali umbo la boti; lakini mbele ya mtoto aliyejifunika shuka hakujua aanzie wapi. Akatoka nje, akaketi nyuma ya ukuta wa udongo, akaanza kunoa patasi ambayo kazi yake haihitaji makali.

Ndani, akamsikia Arlène.

"Acha uongo. Tumbo iko chini, haiko pale."

"Niache, yaya," Dédé alimwambia dada yake mkubwa.

"Unaogopa."

Ikatoka sauti ndogo ya Dédé: "Jana papa aliita batu bote. Leo nikikosa, watakuja tena?"

"Watakuja. Na hakuna mutu atawaita."

"Unaona sasa!"

"Juzi ungeogopa?"

"Juzi nilikuwa Mikono ya Kushoto. Mikono ya Kushoto ikikosa, ni kazi yake."

"Mi nilikuwa nakuonea wivu," Arlène alisema.

"Weye? Mi nilirudia darasa!"

"Ulirudia, ukafika hapa, ukamaliza bukari yako, ukaomba ya kwangu."

"Ulikataa."

"Nilikataa, ndiyo."

Kikatoka kicheko kifupi, cha puani. Halafu Dédé akauliza, "Yaya, siku ile, ulijua kama itafunguka?"

Nje, mkono wa Guylain ulisimama juu ya jiwe la kunolea.

"Sikujua. Kila fasi nilipiga, nikarudi nikapiga tena. Sikutaka tone hata moja. Za papa hazitoki tone. Na alikuwa amesema siko wa kuangaliwa. Nikawaza, tone moja ikitoka, basi, mi siko Kichwa tena."

"Sasa uko nani?"

"Sijui."

Guylain alisikia kuku akiparua uani.

"Amka," Arlène alisema. "Twende tukakosee wote. Mi nikikosa utacheka. Weye ukikosa nitacheka. Papa hataita mutu."

"Atakubali?"

"Nitamwambia."

Walitoka, Dédé bado amejifunga shuka mabegani. Arlène alipita mbele ya baba yake bila kumtazama, akaingia bandani, akatoka na ndoano na nyundo. Akasimama.

"Papa, usiite mutu leo."

"Siiti mutu," Guylain alisema.

Ziwa lilikuwa limetulia asubuhi hiyo, na Kilwa ilionekana kama mstari uliochorwa kwa penseli. Dédé alikwenda kwenye mshono wake wa pili, karibu na omo, pua ya boti, akaanza polepole. Arlène alisimama mbele ya pamba yake ya zamani. Lami iliyoifunika ilikuwa nzuri, laini, imepakwa kwa mkono wa mtu mwangalifu. Akaikwangua. Akaingiza ndoano, akavuta. Haikutoka. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Papa. Inakataa."

Guylain alisogea. Mikono yake ilitaka kuipokea ndoano ile. Akaifumbata mikono nyuma ya mgongo. "Ingiza kwa pembeni. Halafu sukuma, usivute."

Kipande kirefu kama kidole kikatoka. Arlène akakiweka kiganjani, akakibonyeza kwa ukucha. Ukucha haukuingia.

"Imekuwa kama pembe ya mbuzi."

"Ndiyo."

"Ni mi niliipiga hivi."

Kwa majuma yote yaliyopita Guylain alikuwa ameyashika maneno yake tayari, haikuwa kosa lako, haikuwa kosa lako. Sasa aliyaangalia, akaona hayamtoshi msichana aliyesimama mbele yake, kama gauni la mwaka uliopita.

"Ndiyo," akasema. "Ni weye."

Arlène hakuona ndoo ya kujaza. Alibaki palepale. "Juu ya sababu gani haikuvuja pale pale? Tulimwaga maji, ilikuwa kavu."

"Ubao mukavu unakaa kimya. Ukiingia ziwani unakunywa, unanenepa, unatafuta fasi. Pamba laini inamwachia fasi. Hii yako haikuacha kitu. Basi ubao ukasukuma misumari usiku wote, na asubuhi, mzigo ulipoongezeka, misumari ikachoka."

"Kwa hiyo boti inapaswa kuvuja?"

"Siku ya kwanza inalia kidogo. Kesho yake inanyamaza yenyewe."

"Zako hazilii."

Guylain alitazama maji. Dédé alikuwa ameacha kugonga.

"Zinalia zote," akasema. "Mi huwa naamka mbele ya jogoo, nakwenda kuchota. Mkifika asubuhi mnakuta pakavu."

"Hata ile boti ya mupasta wa kanisa letu?"

"Ile ya mupasta nilichota mpaka mugongo ukakataa."

"Na siku ile, yangu?"

"Nilikwenda pia. Sikukuta maji ya kuchota. Nilipaswa kuogopa. Nilifurahi."

Arlène aliendelea kukitazama kile kipande cha pamba. Uso wake haukulainika wala haukukaza. Ulikuwa uso aliokuwa nao zamani akiwa mbele ya hesabu ngumu, kabla hajaanza kurudisha karatasi nyeupe.

"Haukutuambia," akasema.

"Sikuwaambia."

Akakitupa kile kipande mchangani, akaingiza ndoano tena kwa pembeni.

Kazi ya kuitoa pamba ya zamani ilimla asubuhi nzima. Vidole vilimchubuka, akavifunga kitambaa. Mchana alisokota pamba mpya, akailoweka, akaanza kuiingiza, nyundo ikipiga kwa sauti ndogo, ya woga kuliko ya upole. Alipofika usawa wa taruma la kwanza, ubavu wa ndani wa boti, alirudi nyuma kutazama. Dédé alikuwa amekuja kusimama ubavuni pake, mikono kiunoni, kama mkaguzi.

"Yaya," alisema kwa huzuni kubwa ya uongo, "imelewa."

Na kweli, ilikuwa imelewa. Katikati ilijikunja, ikapanda juu ya ukingo wa ubao. Arlène alisimama na nyundo mkononi, na Guylain, aliyekuwa upande wa pili wa boti, aliona juu ya ukingo jinsi binti yake alivyogeuza shingo. Moto ulikuwa nyuma yake, debe la lami juu yake, na mti wa kukorogea umeegemezwa pale pale alipouacha. Palikuwa na hatua chache tu kuufikia.

"Kidogo tu," Arlène alisema.

"Kidogo? Hii imemaliza chupa!"

"Nyamaza weye, ya kwako jana ilitapika." Akachukua ndoano, akaichomoa pamba kutoka pale ilipoanza kukunjika. Akainyoosha juu ya paja, kwa kiganja, kama alivyomwona mdogo wake akifanya, akaanza tena.

Safari hii ilikwenda vizuri zaidi. Guylain alizunguka boti, akainama, akaupima mshono kwa kidole gumba. Pamba ilikubali kubonyea, ikarudi. Jina la zamani likamjaa kinywani, Kichwa, na nyuma yake yakapanga mstari majina ya watu wote wa ufukweni aliotaka kuwaita. Akameza mate.

"Uliona wapi kama imeanza kukunjika?" akauliza.

Arlène alimtazama kwa mashaka, kama anayengoja neno lingine lije. Halikuja. "Hapa," akaonyesha. "Nilikuwa natazama mbele, sikutazama patasi."

"Na sasa?"

"Sasa natazama patasi."

"Bon," Guylain alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Mama Brigitte alipita jua likiwa limeshuka juu ya ziwa, mtoto wake mgongoni. Alisimama. Aliona nani ameshika nyundo, akafungua kinywa, na Guylain akajiandaa kwa sauti ya soko. Lakini mtoto mgongoni alikuwa amelala, na mama Brigitte akasema kwa sauti ya chini:

"Utakaa na kikombe?"

Arlène aligeuka. Alimwona yule mtoto kwanza, shavu lake limebanwa mgongoni mwa mama yake, ndipo akajibu.

"Nitakaa, mama. Lakini siku ya kwanza italia."

"Italia? Unaniambia mbele kama italia?"

"Kidogo. Kikombe itatosha. Ikiwa haitoshi, nitasema upesi tungali karibu."

Mama Brigitte alimtazama Guylain. Guylain aliinamia kazi yake. Mama akamrudia msichana, akamwangalia vidole vyake vilivyofungwa kitambaa, kisha akahamisha uzito wa mtoto mgongoni.

"Mi sijasema ndiyo," alisema. "Nitarudi kuona. Na nikipanda, nitapanda na kikombe yangu, kubwa kuliko yako."

"Leta, mama," Dédé akadakia. "Leta hata sufuria."

Mama Brigitte aliondoka bila kuaga, lakini neno Chienge hakulitaja.

Upepo wa jioni ulianza kuvuta unyevu kutoka matetini. Nusu ya mshono ilikuwa imezibwa. Nusu ilikuwa bado wazi, mwanya mweusi ukielekea nyuma ya boti. Arlène alitaka kuendelea hadi taruma linalofuata. Guylain alitikisa kichwa: mbao zikilowa umande, pamba haishiki. Wakatandika magunia juu ya sehemu iliyo wazi, wakayafunga kwa kamba za nyavu kuukuu. Dédé akachora alama ya mkaa pale ilipokomea pamba, akaichora tena, kubwa zaidi, ionekane asubuhi.

Arlène aliingia bandani kurudisha nyundo. Guylain alimsikia akisimama huko muda kidogo. Alitoka na kile kikombe cha bati, akakipangusa utando wa buibui kwa upindo wa kitenge, akainama juu ya ukingo wa boti na kukiweka ndani, chini, upande wa kushoto.

"Kesho tunaanzia hapa," akamwambia mdogo wake, mkono wake juu ya gunia.

"Ukichelewa naanza peke yangu," Dédé alisema. "Halafu utaona vile italewa."

Guylain alizima moto kwa mchanga, akalifunika debe la lami, akawafuata.